Kumpeleka Mama Mkwe Tunduma Wakati wa Mvua

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Nilisoma mpaka darasa la nne, na darasani kalamu moja tuliitumia watu watatu, kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo yangu ilikuwa kuwatazama wenzangu wakiandika. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua muda wa kufungua gurudumu, kuziba mpira na kulirudisha. Palipo na herufi isiyokaa mahali pake, msomaji aisogeze mwenyewe aendelee.

Nataka kueleza habari ya kuendesha lori kwenye mvua kubwa. Wakubwa wa barabara wametuwekea kibao karibu na Vwawa chenye maneno mengi ya Kiingereza. Utingo wangu husema kibao hicho kinawakataza madereva wasilowe. Mimi nitaandika niliyoyaona mwenyewe.

Lori nililokuwa naliendesha lilikuwa la tajiri mmoja wa Mbozi anayenunua maharage na kahawa. Lilikuwa kuukuu. Kioo cha mbele kilikuwa na waipa moja tu, upande wa dereva, nayo iliendeshwa kwa pumzi ya injini. Maana yake ni kwamba ukiteremka inafuta mbiombio kama mtu anayefukuza nyuki, na ukipanda mlima inachoka na kulala, na huku kwetu barabara ni milima. Ndani palikuwa na kishikio kidogo cha kuisukuma kwa mkono. Basi mlimani mkono mmoja ulikuwa wa usukani, mkono wa pili wa waipa, na wa kubadilisha gia nilitakiwa niombe kwa Mungu. Mchungaji alikuja kuliombea lile lori siku lilipofika. Aliomba sana, akalizunguka mara mbili, akaweka mkono juu ya boneti, kisha akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Utingo alikuwa mzee wa rika la baba yangu. Zamani alikuwa dereva, macho yakapungua, akahamia juu ya mzigo pamoja na gogo lake la kuzuia gurudumu. Nilimwita baba. Yeye aliniita dereva, lakini kwa namna ambayo kila aliyesikia alielewa kuwa ananitania.

Masika hayo nilikuwa nachumbia. Mimi ni mtu wa aibu. Msichana mwenyewe nilikuwa nimezungumza naye mara nne, na mara moja kati ya hizo nilimweleza habari za mafuta ya breki mpaka mwisho. Baba yake alikwisha fariki. Neno la mwisho lilikuwa la mama yake pamoja na mjomba wake anayekaa Tunduma, na mjomba alikwisha sema mapema kwamba madereva wana mke kila kituo. Mimi sikuwa na mke hata kituo kimoja, lakini hakuna aliyeniuliza. Mama hakuwa amesema lolote. Msichana aliniletea habari kwamba juma lile mama yake angekwenda Tunduma kwa kaka yake, wakae, waseme ndiyo au hapana, na yakiisha yameisha.

Sasa, kwetu, tangu siku jembe la kwanza la kufungua posa linapopokelewa, wewe na mama wa msichana hamtazamani. Ukimwona njiani unaingia majanini. Hamli pamoja, hamkai penye paa moja, wala hamsemezani mpaka upeleke kitu cha kufungulia mdomo, na hicho hupelekwa baadaye sana. Kwa mtu kama mimi mwiko huu ulikuwa kama zawadi ya sikukuu. Ila wazee walioutunga hawakuwaza habari za malori.

Asubuhi hiyo tulikuwa Igamba tunapakia maharage. Mawingu yalikuwa yamekaa chini, karibu na mabati. Utingo akaja dirishani kwangu.

"Dereva, kuna mama anakwenda Tunduma. Basi halijapita siku sita. Ana kikapu na kuku mmoja."

Nikatazama kwenye kioo cha pembeni, kisha nikateleza kwenye kiti mpaka magoti yakagusa usukani.

"Umeona nyoka?" akauliza.

"Ni mama yule."

"Mama yupi?"

"Yule, baba."

Akageuka, akamtazama, akarudi kwangu mdomo ukiwa umemshinda kufunga. "Lo. Basi atakaa juu na mimi. Wewe tazama mbele tu. Leo unayo sababu."

Yule mama naye alikuwa amekwisha kunitambua, maana alikuwa amesimama anachunguza gurudumu la nyuma kwa makini kama anataka kulinunua. Akapanda juu, akakaa kwenye magunia, tukaondoka saa mbili. Nikajisemea kwamba safari ikiwa nzuri, atafika kwa kaka yake na kusema kijana anaendesha vizuri. Nilipita kila shimo kama nimebeba mayai.

Mvua ilitukuta kabla ya saa tatu na nusu. Haikuanza kwa matone. Ilikuja yote pamoja, kutoka upande wa kulia, na barabara nyekundu ikageuka kuwa sabuni. Hapo jambo la kwanza ni kuacha breki. Udongo ule ukikanyaga breki, lori linakuwa mtumbwi. Unateremka kwa gia ya kwanza, injini ndiyo inayoshika, na mguu wako wa breki unaukalia ikibidi. Jambo la pili ni kukaa katikati ya barabara, kwenye mgongo wake, maana pembeni maji yamekwisha kula udongo kwa chini na juu panaonekana pazima.

Utingo akagonga paa mara tatu. Nikasimama.

"Turubai linatosha maharage tu," akasema, maji yanamwagika kwenye kofia yake. "Huyu mama amelowa kama nguo ya kuanika. Anatetemeka."

"Aje mbele. Mimi nitakaa juu."

"Na lori aendeshe nani? Kuku?"

Utingo mwenyewe asingeweza, macho yake yaliishia kwenye boneti. Akaniangalia, akaenda nyuma, akarudi na gunia tupu na kamba. Akafunga kamba kutoka nyuma ya kiti mpaka kwenye kioo cha mbele, akalitundika gunia katikati, likashuka mpaka kwenye gia. Upande wa kulia nikabaki mimi. Upande wa kushoto akaingia yule mama, na kikapu, na kuku.

"Sasa kila mtu ana nyumba yake," akasema utingo, akafunga mlango.

Nilifikiri tumefanya jambo la akili sana. Mila imeheshimiwa, mama hanyeshewi, tumbaku ya utingo imebaki kavu chini ya turubai. Hakuna aliyekumbuka kwamba dereva anahitaji kuona upande wa kushoto. Kioo cha pembeni kikawa nyuma ya gunia. Dirisha la kushoto likawa nyuma ya gunia. Mbele, upande ule hakukuwa na waipa, ni maji matupu. Nilikuwa naendesha nusu ya barabara. Tena pumzi za watu wawili zilifanya kioo kuwa cheupe kwa ndani, na kila nilipofuta kwa kiganja, kiwiko changu kiligusa gunia, nami nikaurudisha mkono kama nimeshika moto.

Hatukufika maili mbili. Kwenye kona moja gurudumu la nyuma la kushoto liliacha barabara. Lori likalala upande, magunia yakasogea juu ya vichwa vyetu, na utingo akasema maneno ambayo mchungaji hakuyaombea. Tukasimama hivyo, tumeinama. Kisha nikasikia sauti ya mama yule kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ilikuwa sauti tulivu.

"Kuku," alisema, "mwambie huyo kwamba huku kushoto hakuna barabara."

Sikujua la kufanya. Kuku naye hakusema kitu. Mwisho nikasema, "Kuku, nimesikia."

Utingo akaweka gogo lake, akakata matawi, akayajaza chini ya gurudumu, tukafunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Minyororo ilitakiwa tuifunge tangu Igamba. Naandika wazi: dereva anayengoja kufunga minyororo mpaka amekwama, anaifunga akiwa amepiga magoti kwenye tope. Tulipotoka, utingo akashika lile gunia.

"Mama, tuliondoe. Litatuua."

"Gunia libaki," mama akasema.

"Mama, huyu kijana haoni."

"Mimi naona. Kuku yuko hapa. Twende."

Ikawa hivyo. Utingo akatoa tumbaku yake, akaisugua kwenye kioo cha mbele pande zote mbili huku akilalamika kama amenyang'anywa shamba. Tumbaku mbichi ikisuguliwa kwenye kioo, maji hayashikani kuwa matone, yanatelemka yote kwa pamoja, na unaona kidogo. Tukaenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni.

"Kuku, mtaro unakaribia."

Nikasogea kulia.

"Kuku, hapa pazuri. Kuku, kuna jiwe. Kuku, jiwe limepita. Kuku, mbona anakwenda kulia sana, kule si kuna korongo?"

"Kuku, mwambie kulia naona mwenyewe."

"Kuku, asichukie."

"Kuku, sijachukia."

Kuku alifanya kazi ile kwa uaminifu, isipokuwa alichafua kiti mara mbili. Sijawahi kuwa na msaidizi wa kushoto aliye bora kuliko mama yule. Hakupiga kelele hata mara moja. Alisema kitu kabla hakijafika, na kikishapita alisema kimepita, na hilo la pili ndilo watu wengi wanalosahau wanapomwelekeza dereva.

Mvua ilipozidi mpaka sikuona boneti, nilisimama. Nikasema, "Kuku, haonekani mtu wala barabara. Tunasimama." Nikasogeza lori mahali palipoinuka, mbali na kona, nikawasha taa ijapokuwa ilikuwa mchana, ili mwingine asije kutugonga. Nikaona hiyo ni alama moja imepungua kwangu. Nikaanza kumsikia mjomba wa Tunduma akicheka.

Karibu saa sita tulifika mtoni. Siutaji jina, maana kiangazi ni kijito cha kunywesha mbuzi na wenyeji wangeona nawadhihaki. Siku hiyo ulikuwa mpana, mwekundu, na daraja halikuwepo. Yaani lilikuwepo, la magogo matano, lakini maji yalipita juu yake kiasi cha goti, na hukuona kitu ila mstari wa povu.

Nikashuka. Kwenye mto wa namna hiyo mtu hupima kwa miguu yake kabla ya kupima kwa lori la tajiri. Dereva yeyote angevua suruali. Mimi nilisimama ukingoni nimeshika mkanda, nikikumbuka ni nani aliyemo ndani ya gari.

"Vua," utingo akasema. "Yuko nyuma ya gunia."

"Mbele hakuna gunia, baba. Kuna kioo."

"Kioo tumekipaka tumbaku."

Niliingia na suruali yangu, ile ya kanisani, ambayo nilikuwa nimeivaa kwa ajili ya kupita Tunduma. Utingo alinifunga kamba kiunoni. Nikatembea na fimbo, nikipapasa gogo moja baada ya jingine. Gogo la kulia lipo. La pili lipo. La tatu lipo. La nne, fimbo ikapotea yote. Nikapapasa tena, ikapotea tena. Nikarudi, nikachomeka kijiti kwenye ukingo wa maji ili nijue kama mto unapanda au unashuka. Baada ya muda kijiti kikawa ndani ya maji. Nikachomeka kingine juu yake.

Hapo ndipo lilipotukuta lori jingine, la dereva wa ng'ambo, anayerudi Rodeshia bila mzigo. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shati la mikono mifupi na kicheko cha kusikika mbali. Akatoa kichwa dirishani.

"Mwaice," akasema, na kwa Kibemba maana yake ni mtoto, "unangoja nini? Mto uive?"

"Gogo la nne halipo, bwana," nikasema.

"Gogo la nne liko Tunduma limekwenda kunywa. Ondoa gari nipite." Akachungulia ndani ya lori langu, akaona gunia, akaona mama nyuma yake. "Mama, huyu mtoto amekuficha ili usione anavyolia? Njoo kwangu, utafika kabla chakula hakijapoa."

Mama hakumjibu, wala kuku hakutumwa. Lakini nilijua amesikia kila neno. Nikaondoa lori pembeni. Yule bwana akarudi nyuma, akaingia mtoni kwa kasi, maji yakaruka pande zote, lori lake likainama kidogo kushoto, likainuka, likatoka upande wa pili. Akapiga honi ndefu, akapotea mlimani. Ningependa kuandika kwamba alizama. Hakuzama. Mpaka leo sijui alipitaje.

Utingo alinitazama. Nilijua anachofikiri, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakifikiri. Nikirudi ndani na kuwasha moto sasa hivi, labda nami nitapita, na mama atafika Tunduma na habari ya mwanamume. Nikikaa, atafika na habari ya kijana aliyeitwa mtoto mbele yake akaondoa gari pembeni. Nilipanda kwenye kiti changu, nimelowa mpaka kifuani. Nikashika ufunguo. Nikakumbuka fimbo ilivyopotea mahali pa gogo la nne. Nikauachia.

Tukakaa. Mvua ilipiga paa. Baada ya muda mrefu sauti ikatoka nyuma ya gunia.

"Kuku, muulize huyo. Anaogopa?"

Ningeweza kusema nalinda mali ya tajiri. Ningeweza kusema nangoja amri ya barabara. Maneno hayo yote nilikuwa nayo tayari. Lakini kudanganya kupitia kwa kuku kulinishinda.

"Kuku, mwambie ndiyo."

"Kuku, muulize anaogopa nini."

"Kuku, anaogopa mto." Halafu, kwa kuwa gunia lilinificha uso, nikaongeza: "Na anaogopa kufika Tunduma."

Nilisikia akifungua kikapu. Mkono ukapita chini ya gunia, karibu na gia, ukaacha kiazi kitamu cha kuchemsha juu ya kiti, ukarudi. Hatukula pamoja. Mimi nilikula kwangu, yeye kwake.

Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa tatu. Kila mara nilishuka kutazama vijiti. Kile cha juu kikabaki nchi kavu, kisha cha chini nacho kikatoka majini. Ilipofika saa tisa maji yalishuka, magogo yakaonekana. La nne halikuwepo kweli. Utingo na mimi tukakata mti, tukauburuta, tukauweka kwenye nafasi ile na kuufunga kwa kamba ya turubai. Tukavuka kwa gia ya kwanza, polepole, bila kubadilisha gia katikati na bila kuachia mafuta, utingo akitembea kinyumenyume mbele yangu na mikono juu. "Kuku, gurudumu liko juu ya gogo," mama akasema. "Kuku, bado liko. Kuku, tumetoka."

Tulifika Tunduma saa kumi na moja. Mimi nilibaki barabarani na lori. Utingo ndiye aliyebeba kikapu mpaka kwa yule mjomba, akakaribishwa ugali, na kwa kuwa anapenda ugali wa watu akakaa mpaka wakazungumza yote. Alirudi anajifuta mdomo. Nilikuwa natoa tope kwenye minyororo. Hakuniambia kitu mpaka nilipomwomba.

"Mjomba alimwuliza, huyo dereva wako yukoje? Mama akasema, mwoga."

Nikaendelea kutoa tope.

"Mjomba akapiga paja, akasema, mimi nilikwambia. Mama akasema, ngoja nimalize kaka. Ametukanwa mbele yangu na mto hakuvuka. Nilimwuliza kama anaogopa, akasema anaogopa. Mimi wanaume wasioogopa nimewazika wa kutosha. Mpeni huyu."

"Akasema mpeni?"

"Alisema mpeni. Mjomba akauliza, na mke kila kituo je? Mama akasema, huyu kwa mwendo wake, kituo cha pili hatafika."

Nilifurahi. Lakini sitaficha kwamba lile neno mwoga lilinichoma, kwa kuwa mjomba alilitangaza Tunduma yote, na hata siku ya harusi alisimama mbele ya watu akasema tumempata mkwe mwoga wa kwanza katika ukoo, watu wakashangilia. Mke wangu hulitumia mpaka leo ninapochelewa kurudi. Nikimwambia nilikuwa nangoja mvua ipungue, husema ndiyo sababu ulipewa, kaa ule.

Sasa nawaomba ninyi mnaosoma mniandikie. Madereva wa Kamsamba, ambako tope ni jeusi na halina mgongo wa kushika, mnafanyaje lori likianza kwenda kiubavu? Kuna mtu anayejua kingine cha kusugua kwenye kioo, maana utingo amekataa kabisa kutoa tumbaku? Na yeyote aliyewahi kumbeba mama mkwe kwenye mvua aniambie alimweka wapi, kwa sababu mwezi ujao mama anataka kurudi kumwona kaka yake, na ameagiza kwamba atapanda na mimi tu.